Siku tatu hadi Kolwezi kwa gari la kukodi lenye dereva: maoni ya mteja wa Lubumbashi

Katika likizo ya Pasaka tulikodi, hapa Lubumbashi, gari la viti saba pamoja na dereva wake kwa muda wa siku tatu, ili tuende Likasi na Kolwezi kisha turudi. Tulikuwa watu sita: mume wangu na mimi, watoto wetu watatu wenye umri wa miaka 14, 11 na 6, na baba yangu mzazi, ambaye wajukuu wake humwita nkambo. Wakala aliyetukodisha sitamtaja jina, kwa sababu huduma za aina hii mjini kwetu zinafanana sana, na haya nitakayoyasema yatamfaa msomaji kwa wakala yeyote atakayemwendea. Bei ilikuwa dola 90 kwa siku, mafuta na ushuru wa barabara vikiwa juu yetu, pamoja na amana ya dola 100 iliyowekwa siku ya kutia sahihi.

Wapo walioniuliza kwa nini tulipe dereva wakati mume wangu anayo leseni na gari letu lipo. Jibu la kwanza ni hesabu tu: gari letu lina viti vitano. Jibu la pili ndilo lililonifanya niandike maoni haya. Mume wangu anapoendesha mwenyewe katika barabara ya Likasi, katikati ya malori, huwa hana neno na mtu. Hukunja uso, huzima redio, na mtoto akiuliza jambo huambiwa asubiri tufike. Safari hii alikaa safu ya katikati, kati ya mtoto wa pili na kitinda mimba wetu, akiwa na mikono mitupu na macho huru, na kwa siku tatu watoto walimpata baba yao mzima. Mtu anayepima huduma hii kwa kulinganisha dola na kilomita atasema ni ghali, nami sitabishana naye, lakini sisi hatukununua kilomita.

Niseme kasoro mapema, kwa kuwa ya kwanza ilihusu usalama. Tuliahidiwa kiti maalumu cha mtoto, tena ahadi hiyo imeandikwa kwenye mkataba, lakini gari lilifika bila kiti hicho. Mikanda ya safu ya nyuma ilikuwa miwili, na mmoja haukufunga. Ofisi, tulipoipigia simu, ilijibu kwamba umbali si mkubwa. Dereva ndiye aliyekataa kuondoka namna ile: alitupeleka kwa fundi anayemfahamu, mkanda ukatengenezwa kwa dakika hamsini hivi, kisha tukaanza safari saa tatu kasoro badala ya saa mbili. Nampongeza yeye, wala siipongezi ofisi. Yeyote atakayekodi gari kwa ajili ya watoto na aingie ndani siku moja kabla, afunge na kufungua kila mkanda kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajatoa hela yoyote.

Dereva huyo, ambaye watoto walimwita Papa Shofere tangu dakika ya kwanza, ni mtu wa makamo asiye na haraka. Karatasi zake zote zilikuwa tayari ndani ya bahasha moja, hivyo askari wa barabarani, wale tunaowaita rulaji, hawakutuchelewesha popote. Hakukimbizana na malori hata mara moja. Aliyaacha yapite, na kwa kuyaacha kwake mtoto wetu wa pili alipata nafasi ya kuyahesabu na kuuliza kwa nini yanajaa yanapokwenda na yanapokuja. Papa Shofere alimjibu kwa ufasaha ambao sikuutarajia: yale yanayoshuka kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamebeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti, na yale yanayopanda yanaleta salfa, chokaa na mashine, kwa sababu jiwe halitoi shaba yake bila kuoshwa kwa asidi. Mtoto huyo amekaa darasani miaka mitano akisoma kwamba jimbo letu lina utajiri wa madini, lakini nadhani siku ile ndiyo aliyoanza kuona kwamba utajiri huo una magurudumu na una upande unaoelekea.

Wakala pia hutoa kijitabu cha watoto cha kurasa nane, kilichopigwa fotokopi, na hukisifu sana katika matangazo yake. Sikuona thamani yake. Kimeandikwa Kifaransa cha vitabu vya shule, kina picha nyeusi zisizoonekana vizuri, na kinasema kwamba Kolwezi iko katika jimbo la Katanga, wakati Katanga iligawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo manne na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Binti yetu mkubwa alilisahihisha kosa hilo kwa kalamu ya risasi kabla hatujafika kituo cha kwanza cha peaje, yaani cha ushuru wa barabara, kisha akakiweka kijitabu chini ya kiti, nacho hakikutoka huko tena.

Somo halisi lilikuwa nje ya dirisha. Mkazi wa Lubumbashi huvizoea vichuguu hata asivione, lakini ukiwa ndani ya gari lisilo na haraka, huku msitu wa miombo ukiwa umenawiri mwishoni mwa mvua, vinasimama kando ya barabara kimoja baada ya kingine, vingine virefu kuliko nyumba, vikiwa na miti iliyoota juu yake. Mume wangu aliwaeleza watoto kwamba wataalamu walipima umri wa vichuguu vikubwa vya Katanga kwa njia ya kaboni, wakakuta kwamba kimoja kilichokwisha hamwa na mchwa kina zaidi ya miaka 2,000. Kuanzia hapo ukawa mchezo: kila mmoja achague kichuguu na kukisia kilianza kujengwa wakati gani. Nkambo, aliyekuwa amekaa mbele, aliongeza kwamba nyumba tuliyolelewa sisi watoto wake ilijengwa kwa matofali ya udongo wa kichuguu, na kwamba kichuguu chenyewe kilikuwa nyuma ya uwanja wetu hadi kilipokwisha. Mimi nimeishi katika nyumba ile miaka ishirini, na sikuwahi kulisikia jambo hilo.

Hapo Papa Shofere alifanya jambo dogo ambalo kwangu ndilo kipimo cha huduma nzima. Bila kuombwa aliegesha mahali penye nafasi, karibu na vijana waliokuwa wakichoma matofali, akawasalimu, akaomba ruhusa, na watoto wakaonyeshwa tanuri. Tulikaa robo saa. Mkataba unasema kwamba kila kituo kisichopangwa kinaweza kutozwa, yeye hakukiandika.

Tulipofika mto Lufira tulikula bukari, yaani ugali, na samaki. Dereva alitaka kula peke yake pembeni, kama walivyozoezwa baadhi yao, tukamkatalia; mtu aliyewabeba watoto wako hawezi kula akiwa amekupa mgongo. Daraja la Lufira lina habari yake. Mwezi wa Septemba 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga, askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, na wenzao waliotoka mjini kwetu kwenda kuwaokoa walizuiwa hapo darajani. Kijitabu hakina neno hata moja juu ya hayo. Nkambo alikuwa mtoto wa miaka minane wakati huo, na anachokumbuka ni kwamba mama yake aliwalaza chini ya kitanda.

Likasi iko takriban kilomita 120 kutoka Lubumbashi, na ndipo tulipolala usiku wa kwanza. Mpango wa wakala uliipa Likasi saa moja tu ya kupita mjini. Sisi tuliomba iongezwe, kwa sababu nkambo alifanya kazi miaka 27 katika viwanda vya Shituru vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na wajukuu wake walikuwa hawajawahi kupaona. Hatukuwa na ruhusa ya kuingia, wala hatukuihitaji. Papa Shofere alisimamisha gari mahali panapoonekana mabomba na mapaa, akazima injini, akashuka na kusogea mbali kidogo, akatuacha.

Baba yangu si msemaji. Alianza kwa kutaja vitu: king'ora cha asubuhi, magunia ya unga yaliyogawiwa familia za wafanyakazi, maharage, hospitali, shule ambako mimi mwenyewe nilianza kusoma. Alisema kwamba wazee wao waliiita kampuni baba na mama. Kisha akafika mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, naye akiwa mmoja wao. Mtoto wetu wa pili, ambaye hupenda maneno yawe na maana yake, akauliza: «Nkambo, kama uliondoka kwa hiari, mbona unasema kama mtu aliyefukuzwa?»

Hakuna aliyemkemea. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akamweleza, polepole na kwa hesabu, miezi ambayo walikuwa hawajalipwa mshahara, madeni aliyokuwa nayo dukani, ada zetu, na namna mtu mwenye njaa anavyoletewa karatasi na kalamu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa mwaka ule. Nilijua kwamba fedha zilikwisha. Sikujua habari ya madeni ya duka. Nimeyasikia kwa mara ya kwanza ndani ya gari la kukodi, nikiwa nimekaa nyuma ya kichwa chake, na naamini kwamba sebuleni, tukitazamana uso kwa uso, asingeyasema. Gari lina faida hiyo: wote wanatazama upande mmoja.

Tulisimama pale dakika arobaini. Dereva aliporudi aliuliza tu kama mzee anataka maji.

Kutoka Likasi hadi Kolwezi ni kilomita 180 hivi, na sehemu ya Fungurume ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nkambo aliwafundisha watoto kusoma vilima: palipo na msitu udongo ni wa kawaida, na pale kilele kinapokuwa kitupu, chenye majani mafupi na maua tu, chini kuna shaba, kwa kuwa miti mingi haiwezi kuuvumilia udongo huo. Wachimbaji wa zamani, wale waliosubu misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, walizitambua dalili hizo kabla ya Mzungu yeyote kuja na ramani. Binti yetu aliikumbuka misalaba hiyo kutoka katika makumbusho ya Lubumbashi, na pia kutoka bendera ya Katanga ya mwaka 1960, yenye misalaba mitatu. Vilima vingi vimekwisha katwa na mashine sasa, kwa hiyo anayetaka kuwaonyesha watoto wake asichelewe sana.

Daraja la Lualaba halina mahali pa kusimama, lakini Papa Shofere alipunguza mwendo kadiri alivyoweza. Tuliwaambia watoto kwamba maji yale yatapita Kisangani, ambako mto hubadilishiwa jina na kuitwa Kongo, halafu Kinshasa, halafu bahari ya Atlantiki, na kwamba Lufira tuliyokula kando yake jana inaungana nayo huko kaskazini. Kitinda mimba alitaka kujua kama samaki wetu angefika Kinshasa kwa shangazi yake iwapo tusingemla.

Kuhusu Kolwezi yenyewe sina mengi. Nyumba ya wageni tuliyopendekezewa ilikuwa safi, bei yake ya kawaida. Tangazo la wakala linaahidi «kutembelea mgodi», na ahadi hiyo si ya kweli: hakuna kibali kilichoombwa, na tulichokiona ni uzio na vumbi kutoka barabarani. Watoto waliokuwa wameahidiwa mashimo makubwa walinuna mchana mzima. Afadhali ahadi hiyo ifutwe. Jambo jingine ambalo mkataba umelinyamazia ni malazi ya dereva. Tulimlipia sisi dola 20 kwa kila usiku, kwa kuwa hatukukubali alale garini, lakini mteja anapaswa kuelezwa hayo kabla ya safari.

Siku ya kurudi tuliondoka saa moja asubuhi, na kilomita 300 zikatuchukua sehemu kubwa ya siku, pamoja na vituo. Dereva alikuwa ametuonya kwamba haendeshi usiku katika barabara ile, na alilisimamia neno lake hata nilipomwomba tubaki kidogo zaidi sokoni Likasi. Watoto wawili walilala. Wa tatu alikuwa ameomba akae mbele, nyuma ya kioo kikubwa, pamoja na nkambo; Papa Shofere alikataa kwa upole, akamwonyesha mkanda wake.

Amana ilirudishwa siku ya nne baada ya safari, ikiwa imekatwa dola 15 kwa ajili ya «muda wa ziada Likasi». Niliuliza ni nani aliyeuandika muda huo, kwa kuwa dereva hakuuandika. Ofisi ilisema inaonekana kwenye chombo cha kufuatilia gari. Nimelipa. Kwa likizo kubwa tunafikiria maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu, yenye urefu unaozidi mita 300, ambako gari la namna hii halifiki na itabidi tukodi linalosukumwa na magurudumu yote manne. Nimekwisha waandikia masharti mawili: kiti cha mtoto nikione kwa macho yangu kabla ya kulipa, na dereva awe yule yule.