Nikon Z8 au Canon EOS R5 Mark II: begi la lenzi ndilo linaloamua

Ni wapigapicha wachache wa Nairobi wanaoweza kuishi kwa aina moja tu ya kazi. Jumamosi mtu yuko kwenye harusi huko Karen, katikati ya wiki anapiga picha za mkutano wa kampuni hotelini, na akipata mteja wa utalii anaingia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kazi mchanganyiko kama hizi, kamera mbili zisizo na kioo ndani (mirrorless) na zenye sensa, yaani kipande kinachonasa picha, ya fremu kamili ndizo zinazotajwa zaidi: Nikon Z8, iliyotangazwa Mei 2023, na Canon EOS R5 Mark II, iliyotangazwa Julai 2024. Nimezitumia zote mbili katika kazi za kulipwa, na maoni yangu ni kwamba anayezilinganisha kwa kusoma jedwali la vipimo atapoteza muda mwingi kwa mambo ambayo mteja wake hatayaona kamwe.

Tuanze na jambo lisilohitaji maneno mengi. Z8 ina megapikseli 45.7 na R5 Mark II ina 45, na hakuna albamu ya harusi wala bango la Thika Road litakaloonyesha tofauti hiyo. Kwa ISO, yaani kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga, Nikon inaanzia 64 na Canon 100, jambo linalomsaidia kidogo mtu wa mandhari anayetaka kuinua vivuli vya mchana wetu mkali bila kuleta chembechembe. Sensa zote mbili ni za matabaka, yaani saketi za kusoma picha zimepangwa nyuma ya pikseli ili data itoke upesi. Hapo kwenye upesi ndipo tofauti ya kweli inapoanza.

Z8 haina shata ya mitambo, yaani mapazia yanayofunguka na kufungika mbele ya sensa, hata kidogo. Kila picha hupigwa kwa shata ya elektroniki, na sensa yake husomwa kutoka ukingo wa juu hadi wa chini kwa takriban 1/270 ya sekunde, kasi inayokaribiana na ile ya mapazia ya shata ya kawaida. Canon ina shata zote mbili, lakini ile ya elektroniki husoma sensa kwa takriban 1/160. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila mtu aliyepiga picha katika kumbi zetu za harusi, zilizojaa taa za LED za rangi ya zambarau na waridi, anajua maana yake. Taa hizo huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni, na sensa inayosomwa mstari kwa mstari hunasa mwako huo kama michirizi ya giza na mwanga inayokatiza gauni jeupe la bibi harusi kuanzia kifuani hadi magotini. Michirizi hiyo haiondoki kwa urahisi katika uhariri, kwa sababu kila mmoja una rangi yake. Kamera zote mbili zina mpangilio wa kurekebisha kasi ya shata kwa vipande vidogo sana hadi michirizi ififie, na mpangilio huo hufanya kazi mradi taa zote ukumbini ziwe za aina moja, jambo ambalo wapambaji wetu hawalihakikishi. Nikon huanza na michirizi michache, na hubaki kimya kabisa wakati padre anapofungisha ndoa. Mwenye Canon akitaka matokeo yanayolingana na hayo, mara nyingi atalazimika kurudi kwenye shata ya mitambo, ambayo hupiga picha 12 kwa sekunde na kusikika hadi viti vya mbele. Kwa flashi hali ni ile ile: Nikon hushikamana na flashi hadi 1/250 bila kelele, ilhali shata ya elektroniki ya Canon huishia 1/160.

Upande wa fokasi, Canon inajitetea vizuri. R5 Mark II inaweza kusajili nyuso za watu hadi kumi, kwa hiyo maharusi, wazazi na wasimamizi hupewa kipaumbele hata umati unapowazunguka kwa vigelegele, jambo lenye thamani kubwa kwa sherehe zetu ambazo shangazi wote huingia kwenye fremu kwa pamoja. Ina pia fokasi inayofuata jicho la mpigapicha, wazo ambalo Canon iliwahi kulitumia kwenye kamera ya filamu ya EOS 5 mwaka 1992 na kulirudisha kwenye R3 mwaka 2021. Linapofanya kazi linaridhisha sana. Kwa anayevaa miwani, lahitaji kupimwa upya mara kwa mara, na wengine huishia kulizima. Canon imeongeza pia hali ya kutambua matukio muhimu ya soka, mpira wa kikapu na voliboli, kama vile kurusha au kupiga mpira wa kichwa. Raga haimo katika orodha hiyo, na katika jiji linaloandaa Safari Sevens, hilo ni pengo ambalo wengi watalihisi.

Kwa ndege, kamera zote mbili hushika jicho na kuling'ang'ania. Kongoti wanaotaga kwenye migunga karibu na mzunguko wa Uwanja wa Nyayo ni kipimo chepesi, kwa kuwa ni wakubwa na hawana haraka. Kipimo kigumu ni chozi anayerukaruka kati ya maua Karura. Hapo Canon ilinishawishi zaidi, kwani inaweza kuhifadhi picha za nusu sekunde kabla ya kubonyeza kitufe, tena katika faili ghafi (RAW, data ya sensa kabla ya kuchakatwa) na kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde. Nikon nayo ina kipengele hicho, lakini ilipotoka kiliandika JPEG peke yake, na katika faili ghafi mwisho wake ni picha 20 kwa sekunde.

Hata hivyo, mwili wa kamera ni nusu tu ya gharama. Wapigapicha wengi wa hapa walikulia kwenye Canon 5D na 6D, na makabati yao yana lenzi za EF, aina inayotumika kwenye kamera hizo: 24-70, 70-200, 85 mm. Kwa adapta ya Canon, lenzi hizo hufanya kazi kwenye R5 Mark II na fokasi yake yote, mara nyingi kwa usahihi zaidi kuliko zilivyofanya kwenye kamera zilizotengenezewa. Mwenye begi la namna hiyo hana sababu ya kuhama. Mwenye lenzi za zamani za Nikon hana bahati hiyo kikamilifu. Adapta ya FTZ, inayounganisha lenzi hizo na Z8, haina mota ya kuzungusha fokasi, hivyo lenzi za AF-S, zenye mota yake ndani, zitafanya kazi, lakini zile za AF-D, ambazo bado zinauzwa sana kwa mkono wa pili, zitageuka kuwa za kufokasi kwa mkono.

Kwa anayeanza bila lenzi yoyote, mizani inaelekea upande wa pili. Nikon imeifungulia Tamron mlango, na lenzi ya Tamron ya 35-150 mm f/2-2.8 (namba ya f ni ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia), iliyotengenezewa kamera za Nikon Z, inaweza kumaliza harusi nzima, kuanzia maandalizi ya asubuhi hadi keki, bila kubadilishwa. Canon imekuwa ikiwabana watengenezaji wengine; Sigma na Tamron walipoanza kuruhusiwa mwaka 2024, ilikuwa kwa lenzi za sensa ndogo ya APS-C. Mbugani tofauti ni kubwa zaidi. Nikkor Z 180-600 mm ilitoka kwa dola 1,699.95 na inafika f/6.3 ikiwa kwenye 600 mm. RF 200-800 mm ya Canon ilitoka kwa dola 1,899, lakini kwenye urefu huo huo wa 600 mm iko f/8, na RF 100-500 mm, iliyo bora kwa ujenzi, ilitoka kwa dola 2,699. Alfajiri, kabla jua halijapanda na vifaru weusi wakiwa bado nyikani wazi, theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka au kupungua maradufu) kati ya f/6.3 na f/8 ndizo zinazoamua kama ISO itabaki 6400 au itafika 10000.

Uzito ni hoja ya Canon. Ikiwa na betri na kadi ina gramu 746, na Z8 ina gramu 910; saa nane za harusi hazisahaulishi gramu hizo, hasa kwa anayebeba kamera mbili. Canon pia inaweza kufunga mapazia ya shata inapozimwa, na hiyo ni kinga nzuri mtu anapobadilisha lenzi ndani ya gari kiangazi, vumbi la Athi likiingia kwa kila dirisha. Z8 haina mapazia, lakini ina ngao ya sensa kama kaka yake Z9, inayoweza kujifunga kamera inapozimwa.

Video nitaipita haraka. Zote hurekodi 8K kwa fremu 60 katika faili ghafi, na Canon huuza kishikio chenye feni kwa wanaorekodi kwa muda mrefu. Wateja wengi wa hapa bado wanaomba video ya kutuma WhatsApp.

Z8 ilitangazwa kwa dola 3,999.95 na R5 Mark II kwa dola 4,299. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni takriban shilingi 516,000 na 555,000, kabla ya usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwa bei hizo za mwanzo, Z8 pamoja na 180-600 mm ni nafuu kuliko R5 Mark II pamoja na 100-500 mm kwa karibu shilingi 167,000. Hivyo asiye na lenzi namshauri Nikon, na mwenye lenzi za EF abaki Canon bila kujuta. Anayesitasita akodi zote mbili kwa siku moja na azijaribu katika ukumbi wenye LED. Atakapokwenda kununua Barabara ya Luthuli au mitaa ya jirani, aulize kama dhamana inatambuliwa na wakala wa kampuni hapa Kenya au ni ya duka tu, alinganishe namba iliyo kwenye boksi na ile iliyo chini ya kamera, na atenge pesa za kadi ya kumbukumbu ya CFexpress aina ya B, kwa sababu kamera zote mbili zinaitegemea kadi hiyo ili kufikia kasi zilizotajwa hapa, na kwa kawaida haimo ndani ya boksi.