Punda mzee: viatu vya chuma au peku?

Punda wetu wa hapa Newala alifika kwato zimerefuka na kupinda mbele kama ndara kuukuu. Umri wake meno yalishausema. Ubishi ukaanza: apigwe chuma, au achongwe na kuachwa peku?

Chuma kina sifa yake. Kwenye lami na kokoto kinazuia kwato zisilike upesi. Ila kwato hazisimami kukua. Kila wiki 6 hadi 8 kiatu king'olewe, zikatwe, kipigwe upya. Na fundi wa kazi hiyo huku umtafute kwa tochi. Msumari ukikosea njia, umemtia kilema.

Peku ni polepole. Kwato mpya hushuka kutoka juu kwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo tunapunguza kidogokidogo kwa tupa. Mwenye pupa hufika kwenye nyama. Katikati ya hayo anafundishwa kutembea upya: dakika 10 asubuhi kwenye kichanga, kamba imelegea, avuke fito mbili za mkorosho zilizolazwa chini. Mwanzoni mguu wa nyuma ulikuwa ukiburuza na kugonga kila fito. Juzi aliunyanyua, akasimama kunitazama kama anadai ujira.

Kwa udongo wetu huu mimi nachagua peku, mzigo akae nao mbali kwanza. Mvua zikianza nyayo zikwanguliwe kila jioni, matope yasiziozeshe. Angekuwa anavuta mkokoteni kwenye lami ya Mtwara mjini, hapo ningesita.