Karatasi ya VCI (yenye dawa ya kuzuia kutu) kwa spea za injini: uzoefu wangu hapa Mombasa

Boti yangu inasukumwa na Perkins 4.236, dizeli ya silinda 4, injini ileile iliyofungwa kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson. Ni injini ya zamani, kwa hiyo nikikuta krenki safi (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) au slivu mpya (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) nanunua hata kama sina haja nayo mwaka huu. Kununua ni rahisi. Shida ni kuiweka hapa Mtongwe miaka miwili mitatu, na siku ya kuifunga kwenye injini uikute kama ulivyoinunua.

Adui ni hewa yenyewe. Chuma hushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 60, na sisi asubuhi nyingi tuko juu ya hapo, masika na kiangazi. Tena upepo wa baharini unabeba chumvi. Chumvi ikitua juu ya chuma haikai kavu: unyevu ukifika karibu asilimia 75 inavuta maji hewani mpaka inayeyuka, na hapo chuma kimelowa ingawa hakuna tone la mvua lililoingia stoo. Ndiyo maana paa zuri na mlango wa kufuli havitoshi.

Karatasi ya VCI niliipata kwenye duka la vifaa vya viwandani, Shimanzi. Kwa macho ni karatasi ya kaki tu, lakini imetiwa dawa inayogeuka mvuke polepole bila kupashwa moto. Mvuke huo hutanda juu ya chuma na kufanya utando mwembamba usioonekana, ukazuia maji na oksijeni kukila. Hakuna kupaka kitu. Siku ya kazi unafunua, unafuta, unafunga kwenye injini.

Fundi anayenihudumia, mzee wa Likoni, hakuitaka. "Mwanangu, grisi na gazeti ndiyo dawa, tumeanza nayo tangu utotoni." Kwa heshima yake sikubishana. Tulichukua slivu mbili kuukuu, tukazisugua mpaka zikang'aa. Moja akaipaka grisi mwenyewe na kuizungushia gazeti, nyingine nikaifunga kwa VCI ndani ya mfuko mzito. Zikakaa rafu moja masika yote na kusi yote. Tulipozifungua, ya grisi ilikuwa na madoa mekundu kila mahali gazeti lilipoifyonza grisi na kubaki na unyevu. Ya VCI ilikuwa kijivu kavu, ukipitisha kidole ndani hakikwami. Mzee aliigeuzageuza sana, kisha akaomba kipande cha karatasi kwa ajili ya beringi zake.

Lakini karatasi peke yake haifanyi kazi, na hapa ndipo wengi watailaumu bure. Mvuke lazima ufungiwe. Ukiviringisha spea na kuiacha wazi kwenye rafu, dawa inakwenda na upepo. Vitu vidogo naviweka kwenye ndoo za rangi za lita 20, zile za kifuniko cha kubana. Krenki haiingii, kwa hiyo naifungia kwa nailoni nene ya gauge 1000, ile mafundi wa nyumba wanayoitandika chini ya zege, na maungio napiga utepe wa gundi mara mbili. Krenki isimame wima, imefungwa ukutani isianguke. Ikilazwa muda mrefu bila kuegemezwa vizuri inaweza kupinda.

Kabla ya kufunga, spea iwe safi na kavu kabisa. Naosha kwa mafuta ya taa, nafuta kwa spiriti, kisha sigusi tena bila glavu. Jasho la mkono lina chumvi, na alama ya kidole kwenye beringi itajichora kutu hata ndani ya karatasi nzuri. Upande wenye dawa utazame chuma, na usiwe mbali nacho zaidi ya sentimita 30 hivi.

Kasoro zipo. Karatasi inachanika haraka kwenye kona kali za pistoni na konrodi. Duka liliniuzia roli nzima, halikati vipande, na kwa mwenye injini moja hiyo ni pesa nyingi. Sisi tuligawana watu wa gati moja. Kubwa zaidi ni aina. Ipo ya chuma tu na ipo ya metali mchanganyiko, na ile ya chuma inaweza kuichafua shaba. Pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli, ina shaba ndani, na washa za nozeli ni shaba, basi uliza kabla ya kulipa.

Kwa mpira haisaidii lolote. Oili sili na impela ya pampu ya maji naziweka gizani, mahali pa baridi, mbali na jua na mota za umeme, kwa sababu mota hutoa ozoni inayoupasua mpira. Gasketi ya hedi inalazwa bapa juu ya ubao, haitundikwi msumarini kama wafanyavyo maduka mengine. Na kwa shafti ya propela mzee alikuwa sahihi: ni ndefu, haina mfuko wa kuitosha, nimeiachia grisi nzito na naikagua kila msimu.

Ningeinunua tena bila kusita. Ukienda dukani, chukua roli iliyofungwa bado kwenye nailoni yake. Iliyokaa wazi kaunta imeshapoteza dawa, hata kama muuzaji anakupunguzia bei.