Bando la siku au lisiloisha muda? Uzoefu wangu hapa Busia

Nauza vitenge Busia, upande wa Uganda, na wateja wangu wengi hununua kwa picha. Mzigo ukifika napiga picha, natuma WhatsApp, wanachagua. Data kwangu ni gharama ya biashara sawa na pango la kibanda, na naifuatilia shilingi kwa shilingi.

Kwa muda mrefu nilinunua bando la siku. Bei yake ni nafuu, hilo silipingi. Shida huanza likiisha. Siku ya soko video moja ya mteja inajipakua yenyewe, bando linakatika, na intaneti haisimami: inaendelea kula salio la kawaida, tena kwa bei ya juu zaidi kwa kila MB. Jioni moja nilikuwa nimeweka 5,000 za kumpigia anayeniletea mzigo. Nabonyeza namba yake, naambiwa salio halitoshi. Ujumbe kwamba bando limeisha uliingia baadaye, pesa zikiwa zimeshakwenda. Kijana wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa adabu, akasema mfumo ndivyo ulivyo. Hazikurudi. Bado linaniuma, kwa sababu mtu anayelipa kabla ya kutumia anastahili kuulizwa kwanza kabla salio lake halijaguswa.

Nikahamia bando lisiloisha muda, aina iliyoanza kuuzwa hapa 2021. MB kwa MB ni ghali kuliko la siku. Lakini kilichobaki Jumapili nakikuta Jumatatu, na kwa kuwa silali na hofu ya bando kuisha muda usiku, sinunui tena ovyo. Mwisho wa mwezi natumia pesa kidogo kuliko zamani. Anayetazama filamu kila usiku, sidhani litamfaa. Achukue la mwezi.

Tusiisahau serikali. Ile OTT, kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa Julai 2021, ikaja asilimia 12 ya ushuru kwenye data yenyewe. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Nimepiga hesabu: katika kila 1,000 unayolipia data, karibu 240 ni ushuru. Kwa mama anayeuza nyanya hapa jirani na kulipwa kwa simu, hiyo si pesa ndogo.

Kwa sisi wa mpakani kuna jambo jingine: simu hushika mnara wa Kenya ukiwa bado umekaa kibandani kwako, na data ya huko huenda isiliwe kutoka kwenye bando lako la nyumbani bali kwenye salio la kawaida. Mimi nimeweka simu kwenye kuchagua mtandao kwa mkono, na salio la kawaida naliweka pale tu ninapotaka kupiga. Tangu hapo sijakatwa.