Famasi ya mtaani kwetu Kimara, nyota nne

Kama una mgonjwa wa presha au sukari nyumbani na hela haikutani na mwezi, hapa pananifaa sana, nahisi na wewe patakufaa. Namchukulia mama amlodipine ya presha na metformin ya sukari hapa na kilichonigandisha ni dada mfamasia, maana kwingine ukiuliza mbona hii rahisi na ile ghali wanakukazia macho tu au wanakusukumia ya bei mbaya. Huyu anaweka maboksi mawili kaunta, Norvasc, yaani amlodipine ya jina la kampuni iliyoigundua, na ya kampuni ya India, anakwambia haya soma maandishi madogo chini ya jina.

Juzi mzee mmoja mbele yangu kakataa katakata, "binti nipe origino bwana, hizo za Wahindi unga wa muhogo mtupu." Dada kwa upole, "sawa baba, ila hebu soma hapa." Mzee kavaa miwani, huku amlodipine 5 mg na huku amlodipine 5 mg, kageuzageuza boksi mpaka kaona namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, kaguna. Na bado kabeba Norvasc 😂 ila ya wiki moja, ya mwezi hela haikutosha. Sasa hizo wiki tatu presha itamsubiri? Halafu sisi hawahawa tukiomba panadol tunapewa paracetamol ya kampuni yoyote tunameza na kichwa kinatulia, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Feki zipo ndio, sikatai, ila anayeigiza anaigiza hata yenye jina kubwa.

Bei nayo alinieleza, aliyegundua dawa analindwa na hataza miaka 20 hivi, ikiisha wengine ruksa kutengeneza na hawaanzi utafiti upya ndo maana inashuka. Ila sio kwamba anabadilisha tu kila kitu, dawa ya kifafa ya mdogo wangu aligoma kunipa ya kampuni nyingine, kasema hiyo muulize daktari wake kwanza. Hapo ndo nilimkubali kabisa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mzigo wao unabadilikabadilika, mwezi huu kidonge cheupe cha duara mwezi ujao cha njano kirefu na hawakwambii, mama akaona kapewa dawa siyo akaacha kunywa mpaka nilipompigia. Waseme tu mapema jamani. Na jioni chenji hawanaga, nenda na M-Pesa.