Vihisi na kamera kwenye nyumba ya Mji Mkongwe

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, wengi wetu wenye nyumba za zamani hapa Unguja tunaziangalia kuta zetu kwa hofu. Nyumba ya ukoo wetu ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, nami ndiye ninayeisimamia. Nilipopata kampuni inayofunga vihisi vya unyevu (vifaa vidogo vinavyopima unyevu na kuleta vipimo kwenye simu), vipima ufa na kamera, nikachukua huduma yote.

Vihisi vya unyevu navipa alama 5 kati ya 5. Vimechomekwa kwenye vichwa vya boriti, pale zinapoingia ukutani, maana ndipo zinapooza na jicho halifiki. Mti ukikaa na unyevu zaidi ya asilimia 20, kuvu huanza kazi, na mchwa hawako mbali. Unyevu wa boriti moja ya ghorofa ya pili ulianza kupanda katikati ya kiangazi, hakuna hata manyunyu. Kwenye simu nikaona unazidi kupanda wiki zile maji ya bomba yanapotoka vizuri. Tukapanda juu: boya la simtanki limekwama, maji yanafurika na kuteremka taratibu ndani ya ukuta. Plasta ya chumbani ilikuwa bado kavu kabisa! Tungekuja kujua sakafu imeshalegea.

Kipima ufa kiko ngazini, kinasoma hata sehemu ya milimita. Ufa umetulia, alhamdulillahi.

Kamera ndiyo iliyonisumbua. Niliitaka kwa ajili ya mlango wetu wa nakshi na njumu zake za shaba, lakini ilivyofungwa ilikuwa inachukua baraza nzima: wazee wanaocheza bao, kina mama wanaopita. Bibi jirani akanambia, “Mwanangu, mie nikikaa barazani sitaki kutazamwa.” Ana haki yake. Nikaamuru igeuzwe ione mlango peke yake, na nikataka kwa maandishi nani anaziona picha na zinafutwa lini. Maandishi hayo bado nayadai. Kamera: alama 2.

Siku ya kufunga, hakikisha fundi wa chokaa anakuwepo. Mafundi wa kampuni walikuja na drili na mfuko wa saruji, nikawazuia mlangoni. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, chokaa huuacha utoke. Mwishowe nyaya zilipita kwenye matundu ya misumari ya zamani, na palipobaki wazi pakazibwa kwa chokaa.

La mwisho, tahadhari zote huja kwa Kiingereza. Ami yangu ndiye anayelala pale, na ndiye wa kwanza kuupata ujumbe usiku. Nimewaomba waziandike kwa Kiswahili. Wakifanya hivyo, nitawaongezea malipo bila kusita.