The House of Rust: riwaya ya mazimwi mbele ya binti wa mvuvi

Riwaya ya majini na mazimwi mimi huipima kwa yale mambo yake yasiyokuwa ya ajabu. Zimwi mtu yeyote aweza kulitunga: lipe vichwa saba, litoe moto puani, basi. Kazi iko kwenye sufuria, kwenye deni la dukani, kwenye namna bibi anavyomkaripia mjukuu wake. Haya yakiwa ya uongo, zimwi nalo halinitishi.

Mfano wa kwetu upo. Fumo Liyongo alipochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, alikufia karibu na kisima, amepiga goti, upinde mkononi. Watu wakaogopa kwenda kuteka maji, wasijue kwamba yule ni maiti. Tangu utotoni kinachonisisimua mwili katika kisa hiki ni ile mitungi mitupu: mji mzima una kiu na hakuna athubutuye kusogea.

Basi nilipoishika The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa hapa hapa Mombasa, sifa zake niliziweka kando kwanza. Na sifa anazo. Mswada wake ulishinda tuzo ya Afrika ya Graywolf Press, wachapishaji wa Minnesota, Marekani, mwaka 2018, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kitabu kikatoka Marekani mwaka 2021. Na 2022 kikawa cha kwanza kutwaa Tuzo ya Ursula K. Le Guin, ambayo ni dola 25,000. Waamuzi wale wanaijua fasihi. Mimi nilitaka kuona kama mwandishi anaijua bahari.

Hadithi yenyewe ni hii. Aisha ni msichana wa Kishihiri, yaani wa asili ya Hadhramaut kule Yemen, hapa Mombasa, na babake, mvuvi, amekwenda baharini asirudi. Msichana anaondoka kumtafuta kwa chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiongozwa na paka wa mwanachuoni, paka mwenye maneno mengi na madaha ya msomi. Njiani wanakutana na majitu matatu ya baharini, na la mwisho ni Baba wa Papa.

Babangu alikuwa mvuvi wa jarife upande wa Timbwani, Likoni, kwa hivyo kungoja nakujua. Baba akichelewa, mamangu alishika ufagio akafagia ua uliokwisha fagiwa. Majirani waliingia mmoja mmoja kuomba chumvi wasiyoihitaji, wakakaa, wakazungumza mambo ya harusi ya fulani. Hakuna aliyetaja bahari. Kitabu kinachoanza na mvuvi aliyepotea kina deni kubwa kwa watu kama sisi, na hiki kimelilipa: uchungu wa Aisha haupambwi, unageuka moja kwa moja kuwa kitendo. Msichana anashuka majini.

Na kile chombo cha mifupa! Aliyekulia ufuoni hahitaji maelezo marefu. Tumeyaona madau makuukuu yaliyoachwa juani, mbao zimeng'olewa kuni, yamebaki mkuku na mataruma tu, uti wa mgongo na mbavu za chombo, meupe kwa chumvi. Mwandishi amekichukua kitu tunachokipita kila siku akakisogeza hatua moja mbele. Hiyo ndiyo ajabu ninayoitaka.

Baba wa Papa alinipa shaka kabla sijamfikia. Kwetu papa ni kitoweo. Tunamkausha kwa chumvi, tunamchemsha, tunamchambua, tunamuunga kwa nazi na ukwaju, na nyumba nzima inanukia. Kumfanya awatishe watu wanaomla kwa ugali ni kazi ngumu kuliko kuwatisha wasomaji wa Minnesota. Lakini jina lenyewe lilinifanyia kazi. Huyu ni mzazi, nikawaza, na mimi nimekula wanawe maisha yangu yote. Hapo nikaketi sawasawa. Kurasa zile nilizisoma ndani ya feri, maji yenyewe yako chini ya miguu, na sikupenda hata kidogo kutazama pembeni.

Wengi wangemaliza kitabu hapo, baba ameokolewa, watu wamefika nyumbani. Bajaber anaendelea, na kwangu mimi sehemu ya nyumbani ndiyo iliyo bora. Hababa, bibi yake Aisha, anataka mjukuu aolewe atulie. Riwaya nyingi za siku hizi zingemfanya bibi huyu kuwa katili na mchumba kuwa mlevi, ili msomaji asihangaike kuchagua upande. Hapa bibi anasukumwa na mapenzi, na kijana anayeletwa ni mpole, mtoto wa watu, hana kasoro ya kumkataa. Aisha hana pa kujificha: itabidi aseme hataki, kwa sababu tu hataki. Mabinti wangapi wa Kibokoni na Majengo wamekaa mbele ya nyanya zao na sentensi hiyo kooni? Mimi nilitetemeka zaidi sebuleni kwa Hababa kuliko kule kwa majitu.

Sasa kasoro, na ni kubwa kiasi. Wanyama wanasema mno. Paka namkubali tangu mwanzo hadi mwisho. Kunguru pia nawakubali, tena nawafurahia. Kunguru hawa wa mjini asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 kusafisha takataka, wakaenea pwani nzima, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Kuwapa akili na siasa zao viumbe tunaowafukuza kwa mawe ni wazo zuri sana, na tangu nikisome kitabu hiki nawatazama vingine wanapojipanga juu ya mabati ya Marikiti. Lakini kadiri nusu ya pili inavyokwenda, kila anayekuja anakuja na hotuba, na hotuba zote zina fahari moja, hata nikawa narudi nyuma ukurasa mzima kujua nani anasema. Kiingereza chake nacho ni kizito, cha sentensi ndefu zinazojikunja. Msomaji wa haraka atachoka. Nilitamani kila mnyama apewe koo lake.

Hata hivyo nakiweka juu ya riwaya nyingi za kutisha zinazoitumia pwani yetu. Niliwahi kusoma moja, sitaitaja, iliyojaa yule mwanamke mrembo wa usiku mwenye kwato za punda. Kisa tunakijua sote, tulikisimuliana madrasani. Mwandishi yule aliziona kwato tu. Hakujua mwanamke yule amevaa nini, amejifukiza udi gani, dereva aliyempakia alikuwa anatoka wapi saa hizo. Mji wote ulikuwa mnazi na mchanga.

Wa kumpa kitabu hiki? Msichana wa kidato cha tatu mwenye Kiingereza kizuri na uvumilivu, naam. Mama zake pia, hasa wale wanaodhani vitabu vya mazimwi ni vya watoto. Hao waambieni waanze na Hababa. Anayetaka damu na mayowe kila sura atafute kwingine.

Na kwa Bajaber mwenyewe, kama msomaji wako wa ng'ambo ya Likoni: kitabu kijacho punguza hotuba, ongeza jikoni, na tafadhali tupe bibi mwingine. Nitakinunua siku kitakapotoka.